Cleopatra alizungumza lugha ngapi?

Aprili 2023 Netflix ilipoachia kionjo cha filamu yake ya vipindi vinne kuhusu Malkia Cleopatra, ugomvi ulianza hata kabla filamu yenyewe haijaonekana. Nafasi ya malkia alipewa Adele James, mwigizaji wa Uingereza mwenye damu ya Kiafrika. Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale ya Misri ikatoa tamko: Cleopatra alikuwa mweupe, mwenye sura ya Kiyunani. Upande wa pili ukajibu kwamba hakuna ajuaye kwa yakini mama yake alikuwa nani. Kwa wiki kadhaa watu wazima na akili zao walishindania ngozi ya mwanamke aliyefariki mwaka 30 kabla ya Kristo.

Swali ambalo halikusikika ni hili: mbona anasema Kiingereza? Plutarch, Myunani aliyeandika habari zake zaidi ya karne moja baadaye, anasema malkia huyo alizungumza mwenyewe na Wahabeshi, Waebrania, Waarabu, Washami, Wamedi na Waparthi, mara chache sana akihitaji mkalimani, na kwamba wafalme wa ukoo wake waliomtangulia hawakujisumbua kujifunza hata Kimisri. Ngozi yake tunaibahatisha. Ulimi wake umeandikwa, na ulikuwa silaha yake ya utawala. Filamu ya 1963 ya Elizabeth Taylor iliutupa, ya 2023 nayo ikautupa, na hakuna wizara iliyotoa tamko.

Kiswahili hakina neno lililokaa sawasawa kwa kile Waingereza wanachokiita usahihi wa kisiasa (political correctness), yaani kuepuka maneno na picha zinazodhalilisha makundi ya watu. Tafsiri hiyo unaikuta magazetini, lakini mtaani hakuna anayeitamka. Mtaani mtu huambiwa achunge ulimi wake. Maneno hayo yanafaa kuliko tafsiri, maana kasoro ya mjadala mzima wa filamu ndiyo hiyo: wanaotaka filamu zichungwe na wanaolaani kuchungwa wote wamekodolea macho uso, huku ulimi ukiachwa upotee njia. Na kwa mtazamaji anayeijua lugha ya mahali, ulimi ndipo uhalisia unapoanza kuvunjika.

Tuzitazame kwanza kanuni zenyewe, kwa sababu wengi wanaozipigia kelele hawajazisoma. Septemba 2020 Akademi inayotoa tuzo za Oscar ilitangaza vigezo vinne, A hadi D. Kuanzia tuzo za 2024, filamu inayowania Filamu Bora sharti itimize viwili. Kigezo A ni cha kwenye skrini: mhusika mkuu au msaidizi mwenye uzito atoke katika jamii ya rangi au kabila lenye uwakilishi mdogo, au angalau asilimia 30 ya wahusika wadogo watoke katika makundi yasiyopungua mawili ya aina hiyo, au kisa chenyewe kiwahusu watu hao. B ni cha nyuma ya kamera: wakuu wa idara, au mafundi sita, au asilimia 30 ya kikosi kizima. C ni nafasi za mafunzo zenye malipo. D ni wakubwa wa idara za masoko, matangazo na usambazaji. Wanawake wamo katika makundi yanayohesabiwa, wamo watu wenye ulemavu, wamo pia watu wa mapenzi ya jinsia moja.

Sasa piga hesabu. Studio kubwa yenye wanagenzi wanaolipwa imepata C. Ikiwa na wakurugenzi wanawake na weusi katika idara ya masoko, imepata D. Imeshavuka, bila kubadili uso hata mmoja kwenye skrini. Mwaka wa kwanza wa kanuni hizo Filamu Bora ilikuwa Oppenheimer, ambayo waigizaji wake karibu wote ni Wazungu, kama walivyokuwa wanasayansi wengi wa Los Alamos, kituo cha Marekani kilikoundwa bomu la atomiki. Anayesema Oscar imeua uhalisia analaumu fomu ambayo haimlazimishi mtu kubadili chochote mbele ya kamera. Anayeshangilia kwamba Oscar imeleta haki anaishangilia fomu hiyohiyo.

Tatizo la fomu ni kwamba inapima filamu mojamoja, ilhali ugonjwa wenyewe hukaa kwenye rundo. Mfano mzuri uko kwetu: mlinzi wa getini. Katika vichekesho vya Kenya, mlinzi akifungua mdomo, kwa kawaida hutoka na lafudhi ya Kiluhya. Vya Dar es Salaam vitamvika shuka la Kimasai na kumpa rungu. Mwenye duka atakuwa Mhindi wa "veve nataka nini". Je, ni uongo? Walinzi Wamasai wapo Dar, tena wengi. Mwandishi ukimbana atakwambia anaonyesha maisha yalivyo, na kwa filamu yake hiyo moja ana haki. Zipange sasa filamu 50 mezani. Mmasai mhasibu hayumo, Mmasai anayemdai mtu kodi ya nyumba hayumo, Mhindi aliyefulia hayumo. Jambo la kweli likirudiwa mara 50 na mengine ya kweli yasisemwe hata mara moja, jumla yake ni uongo, ingawa hakuna mwandishi hata mmoja aliyesema uongo.

Kwa hiyo anayepaswa kuhesabu ni yule anayenunua kwa wingi: kituo cha televisheni kinachochukua tamthilia kadhaa kila msimu, au mfuko unaogawa ruzuku. Mwandishi wa kisa kimoja ukimtwisha hesabu hiyo, ataitimiza kwa hila ya zamani ya Hollywood: hakimu mweusi mwenye sentensi mbili, mkuu wa polisi mweusi anayegonga meza na kutoweka. Idadi imetimia, lakini hakuna mtu aliyeumbwa.

Wala tusidhani kuchunga ni ugonjwa ulioletwa na vijana wa leo. Kuanzia 1934 hadi 1968 studio za Hollywood zilifanya kazi chini ya kanuni iliyoitwa kwa jina la Will Hays, kiongozi wa chama cha studio hizo, iliyoandikwa 1930, ambayo Joseph Breen na ofisi yake waliisimamia ukurasa kwa ukurasa. Ilipiga marufuku mapenzi kati ya mweupe na mweusi, na kwa vitendo ikawabana hata Waasia. Ndiyo maana filamu ya 1937 iliyohusu wakulima wa China, The Good Earth, ilimpa Paul Muni, Mzungu, nafasi ya mkulima, na nafasi ya mke ikaenda kwa Luise Rainer, Mzungu pia, aliyeshinda Oscar kwayo. Anna May Wong, Mmarekani mwenye asili ya China aliyekuwa nyota tayari na aliyeitaka nafasi hiyo, alibaki nje. Adabu ya wakati ule ilitaka Wachina bandia, ya sasa inataka Wachina wa kweli. Ukinilazimisha kuchagua, nitachagua ya sasa bila kusita.

Mkono wa anayechunga huonekana zaidi mahali pengine, kwenye mwisho wa filamu. Kanuni ya Hays ilidai mwovu asiachiwe. Mchezo wa jukwaani wa The Bad Seed uliisha kwa mtoto muuaji kubaki hai, akitabasamu. Filamu ya 1956 ikamshushia radi ikamuua. Januari 2022 mtandao wa Tencent nchini China ulionyesha Fight Club, ambayo kwa asili huisha kwa majengo kulipuka. Watazamaji wakakuta majengo hayapo, badala yake maandishi yakisema polisi waligundua njama na kuwakamata wahalifu wote. Baada ya makelele, mwisho ule ulirudishwa kwa sehemu kubwa. Na 2018 bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya ilipoizuia Rafiki, kisa cha mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, muongozaji Wanuri Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, mhusika aonekane anajuta. Mahakama ilisimamisha zuio kwa siku 7 mwezi Septemba, filamu ikaonyeshwa Nairobi ipate sifa ya kuwania Oscar. Hatimaye Kenya ikapeleka Supa Modo.

Hollywood ya Breen, Tencent na bodi ya Nairobi hazifanani kwa lolote jingine, ila ombi ni lilelile: malizia kwa funzo. Filamu zetu za Bongo zimelizoea kiasi kwamba hazingoji kuombwa. Mke mchepukaji anapata ukichaa, mganga anaungua ndani ya nyumba yake, tapeli anagongwa na gari katika dakika ya 85. Mtazamaji anayewajua matapeli wa mtaani kwake, na anaona wanavyozidi kunawiri, anacheka tu.

Turudi kwenye ulimi, maana huko ndiko kwenye mengi. The Last King of Scotland ya 2006 ilipigwa Uganda kwenyewe, na Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwingie Idi Amin. Alifanya vyema: Amin alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, na mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Whitaker akapata Oscar. Uso sahihi, sauti sahihi kwa kiasi chake. Lakini kisa chenyewe kimebebeshwa daktari wa Kiskoti wa kubuni, ambaye ndani ya filamu ndiye mpenzi wa Kay, mke wa Amin. Katika historia, daktari aliyehusishwa na Kay hadi kifo chake 1974 alikuwa Mganda. Msiba wa Waganda wawili ukahamishiwa kwa Mzungu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na kigezo A kingetimia bila shida.

Queen of Katwe ya 2016 ilikwenda mbali zaidi kwa nyuso: mwigizaji mkuu, Madina Nalwanga, ni msichana wa Kampala, na muongozaji Mira Nair ameishi mji huo miaka mingi. Hata hivyo mama na wanawe, ndani ya chumba kimoja cha Katwe, wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kiganda. Ni mapatano ya kibiashara, na kama mapatano yameshikwa vizuri: lafudhi ni moja toka mwanzo hadi mwisho. Black Panther nayo ilifanya uamuzi wa ajabu usioudhi. Wakanda iko Afrika Mashariki, lakini watu wake wanasema Kixhosa, kwa sababu John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini, alikuwa amekitumia katika filamu iliyotangulia ya 2016. Nchi ya kubuni ina ruhusa. Kinachotakiwa ni kutoyumba.

Kinapoingia Kiswahili chenyewe, mambo huharibika kwa njia zinazotabirika, tena mapema kuliko watu wanavyodhani. Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Mara nyingi skripti huandikwa Kiingereza, kisha zile kurasa chache za Kiswahili hukatwa na kupelekwa kwa mtafsiri bila kisa kizima. Hapo kosa la kwanza limeshafanyika. Mtafsiri anakutana na neno moja la Kiingereza, uncle, na Kiswahili kinamuuliza: ni mjomba, ami, baba mkubwa au baba mdogo? Anakutana na "you" ya Kiingereza asijue kama ni mtu mmoja au kundi. Kuna na kinyume chake: skripti ya upelelezi ambayo siri yake inafichuka pale shahidi anapotaja jinsia ya muuaji kwa kiwakilishi tu. Kwa Kiswahili "ni yeye aliyemuua" haifichui kitu. Eneo zima linapaswa kuandikwa upya, na mtafsiri aliyepewa kurasa tupu hana njia ya kulijua hilo.

Dawa ni jedwali la ukurasa mmoja kabla ya tafsiri: kila mhusika, umri wake, alikokulia, na jinsi anavyomwita kila anayezungumza naye. Kukulia ndiko kwenye kazi. Mtoto wa Unguja anakwenda skuli, wa Dodoma shule. Lubumbashi husema bana- pale wa pwani anaposema wana-. Mtoto wa Tanga asiyemwamkia mzee shikamoo ametukana, na muongozaji awe amekusudia hivyo. Wa Nairobi asiyesema shikamoo ni mtoto wa kawaida. Mtafsiri asiyeambiwa haya atajilinda na Kiswahili cha taarifa ya habari, na mvuvi wa Lamu atazungumza kama msemaji wa wizara. Makosa ya sarufi hayamo hata moja, na hilo ndilo linalowadanganya maprodyuza: wamempa mtu aihakiki, amesema ni sahihi.

Hatua ya pili ni sauti. Mwenyeji wa mahali husika arekodi kila mstari mara mbili, polepole na kwa mwendo wa kawaida, mwigizaji akae nazo wiki kadhaa. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mgeni huuteleza. Barabara ya magari ina mkazo kwenye ba ya pili, lakini jambo lililo barabara, yaani sawasawa, lina mkazo kwenye ra ya kwanza. Ng' ya ng'ombe na gh ya ghali nazo hazijifunzwi asubuhi ya kupiga picha. Siku ya kazi, mshauri wa lugha akae na vipokea sauti masikioni karibu na muongozaji, na awe na mamlaka ya kuomba eneo lirudiwe. Akiwekwa nyuma ya lori la vyakula, kama inavyotokea, ataitwa pale tu mwigizaji anaposahau mstari. Na mistari iliyobadilishwa usiku wa kuamkia kazi hutafsiriwa na yeyote aliye karibu, mara nyingi dereva.

Bado kuna chumba cha uhariri, na hapa ndipo pana hatari ambayo wasiojua lugha hawaioni kabisa. Kukanusha kwa Kiswahili hukaa mwanzoni mwa kitenzi. Kati ya "hatakuja" na "atakuja" kuna h moja, pumzi tu. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Mhariri anayetaka kukaza mwendo akifyeka fremu mbili mwanzoni mwa sentensi, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, anaweza kuondoka na pumzi ile, na mhusika akasema kinyume cha alichokusudia. Sabtaito ya Kiingereza, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, itaendelea kusema haji. Mtazamaji wa Mombasa atajikuta anasikia hivi na kusoma vile.

Sabtaito zina mtego wao. Kipimo kinachotumika sana ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42, na msomaji mtu mzima akadiriwe herufi 17 hivi kwa sekunde. "Wasingelimsaidia" ni herufi 16, na hutamkwa kwa sekunde moja; kuifikisha yote kwa Kiingereza kunadai maneno sita na karibu mara mbili ya herufi hizo. Kwa hiyo mwandika sabtaito hupunguza, na kinachopunguzwa kwanza ni heshima: shikamoo, mwanangu, bwana wee, samahani baba. Wahusika wote wanatoka wakavu. Kosa jingine ni la saa. Mhusika anasema "tukutane saa tisa" na jua linawaka utosini, sabtaito inasema saa tisa ya Kizungu, kipindi ambacho huku ni saa tatu. Tofauti ni saa sita, na kisa cha upelelezi hakiwezi kuibeba.

Waliolitatua tatizo hili bila bajeti ni wale watafsiri wa vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mtaani, akina Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, wanaoifunika filamu ya kigeni kwa Kiswahili cha kijiweni. Uhalisia wa picha wanaupindua wanavyotaka, majina ya wahusika wanayabadili, na kuchunga ulimi si desturi ya kazi hiyo: makabila na wanawake huchezea kichapo cha utani. Lakini ukumbi unacheka pamoja, kwa wakati mmoja, kwa sababu mtu aliye kwenye skrini anazungumza kama mtu.

Akademi yenyewe, tukiiangalia vizuri, ina kanuni moja ya ulimi. Haimo katika vile vigezo vinne. Ni ya tuzo ya filamu ya kimataifa, inayotaka mazungumzo kwa sehemu kubwa yasiwe ya Kiingereza. Siku hizi inatajwa zaidi ya asilimia 50. Novemba 2019 kanuni hiyo iliiondoa Lionheart ya Genevieve Nnaji, filamu ya kwanza Nigeria kuwahi kuwasilisha, kwa sababu ina dakika kama 11 tu za Kiigbo na zilizobaki ni Kiingereza. Kisa chake ni cha kampuni ya mabasi, na ofisini Nigeria watu huzungumza Kiingereza. Ilisema kweli, na kweli yake ndiyo iliyoitoa.

Kwa prodyuza wa Nairobi hesabu ni ngumu zaidi. Mhusika wake, kijana wa ofisini, anasema: "Niko job, nitakucall after lunch." Maneno matano. Matatu ni ya Kiingereza, moja la Kiswahili, na moja lina viambishi vitatu vya Kiswahili juu ya mzizi wa Kiingereza, huku sarufi ya sentensi nzima ikiwa ya Kiswahili. Akiisafisha iwe "nipo kazini, nitakupigia baada ya chakula cha mchana", amevuka asilimia 50 na amempoteza kijana. Akiiacha ilivyo, mwenye kupima dakika aiandike safu ipi?